Mbebaji wa Nne wa Tibberwick

Benchi lilitoka kanisani. Kanisa lilipofungwa na kugeuzwa fleti, Tarlochan aliliwahi kabla ya gari la takataka, akaliweka mbele ya duka lake la kuchonga funguo na kushona viatu, pale Ladywood, hatua kumi na mbili kutoka kituo cha basi. Ni benchi la mwaloni, refu na zito, na kwa kuwa lilizoea mahubiri halijawahi kukataa maneno ya mtu. Kila siku ya kazi, alasiri, wenyewe hukutana hapo. Tarlochan, Singasinga wa Kisumu mwenye kilemba cha buluu na tumbo la mtu aliyetulia, ni Mzee Funguo. Saido wa Uvira, anayesafisha maofisi alfajiri na aliyesoma sheria miezi minne kabla chuo hakijafungwa, ni Wakili. Mwatima wa Wete, mpangaji wa ghorofa iliyo juu ya duka, ndiye mwenye birika la kahawa ya tangawizi, kwa hiyo ndiye Spika, na bunge lake lina kanuni moja tu: ukipiga methali isiyolingana na jambo, kikombe kinakupita mpaka birika liishe. Wa nne ni Hafidh, dereva wa basi, mtu wa Unguja, wanayemwita Suka. Alhamisi hiyo ya Juni 2006, mji mzima ukiwa umetundika bendera za Kombe la Dunia madirishani, Suka alifika na sare ya kazi, barua mfukoni na muda wa saa moja tu wa kuamua. Saa kumi na moja simu yake ingelia, na mtu wa upande wa pili angetaka ndiyo au la.

Aliiweka simu katikati ya benchi, pale wote wangeiona.

— Nimeitwa nikabebe kiti, alisema.

— Kiti cha nani? akauliza Mwatima, birika mkononi.

— Cha mfalme.

— Mfalme gani?

— Hawajui.

Mwatima akalirudisha birika chini.

— Hebu anza tena, Suka. Anza kama mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

— Mnaijua Tibberwick, ule mji ninaopeleka basi?

— Ile ya kondoo, alisema Mzee Funguo.

— Kondoo, kanisa, daraja, baa mbili, na watu elfu moja na mia tisa. Pale unapoingia pana kibao. Miji mingine huandika "Karibu". Wao wameandika "Tuko Tayari".

— Tayari kwa nini? akauliza Saido.

— Kwa mfalme. Zamani, miaka mia tatu na ushei, mfalme mmoja alituma mjumbe: Jumamosi nitapita kwenu, nitakula chakula cha mchana. Basi mji ukaingia wazimu. Wakafagia njia, wakafagia ua wa kanisa, wakafagia mto.

— Mto unafagiliwaje?

— Mie sijui, Mwatima. Kijitabu chao ndicho kinasema. Seremala akakesha siku mbili akachonga kiti cha mwaloni, mikono yake vichwa vya simba. Wanaume wanne wakakibeba mpaka darajani kumlaki. Wakangoja.

— Akaja?

— Hakuja. Alifika njia panda akakata kona, akenda mji wa jirani. Jina la huo mji Tibberwick halitajwi. Wanasema "kule" tu. Huko kule akala pai.

— Pai ya nini?

— Ya nguruwe.

— Basi kheri hakupita, alisema Mwatima, akamimina raundi ya kwanza.

Suka alipokea kikombe chake akakiacha kipoe. Kwa kawaida alikunywa kwa mikupuo miwili, kama mtu anayekaribia kituo.

— Sasa kila mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Julai, wanakibeba kile kiti mpaka darajani. Ngoma mbele, watoto nyuma. Wanangoja saa ya kanisa igonge saa saba mchana. Ikigonga, mkuu wa mji anasimama anatangaza: "Amechelewa." Watu wanapiga makofi, wanakirudisha. Hawajakosa mwaka hata mmoja. Vita, mafuriko, theluji ya Julai.

— Theluji ya Julai hakuna.

— Wao wanayo, kwenye kijitabu.

Mzee Funguo alicheka mpaka kilemba kikahitaji kurekebishwa.

— Sasa hapo kosa iko wapi? Mtu amesema atakuja, atakuja. Haraka haraka haina baraka.

— Miaka mia tatu, Mzee? Mwatima aliinua kidole. Kikombe kinakupita.

— Ai! Spika! Mimi namtetea mfalme!

— Mtetee bila kahawa.

Saido alijiweka sawa kwenye ncha ya benchi. Alikuwa na tabia ya kufunga kitufe cha koti kabla ya kusema, na kukifungua akimaliza.

— Mi naona ile mji ilipata faida. Bahenga balisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Wakili, mgeni hakuja.

— Voilà, hakuja, donc, kwa hiyo...

— Donc mwenyeji kapona na nini? Kikombe kinakupita nawe.

Suka aliona mambo yanamtoroka. Alikuwa amekuja kutafuta jibu, na saa ya simu ilisomeka kumi na dakika kumi na mbili. Akataka kuwarudisha njiani, akasema upesi:

— Nyie mnacheka, lakini wenzetu wana adabu. Sisi tunasema asiyekuwepo na lake halipo. Wao...

— Lake lipo, Suka! Lina miguu minne na linatembezwa kila Julai! Kikombe!

Basi raundi ya pili Mwatima alikunywa peke yake, taratibu, akiwatazama mmoja mmoja.

— Kwa nini wewe? aliuliza alipomaliza. Hilo hujasema.

— Wabebaji ni wanne. Mmoja alikuwa juu ya ngazi anasafisha mfereji wa paa, akaanguka, nyonga ikavunjika. Kamati ikakaa. Katibu wao, yule bibi mwenye mbwa wa miguu mifupi, akanipa barua leo asubuhi kituoni. Anataka jibu saa kumi na moja, maana kesho ratiba inapelekwa kuchapwa na majina lazima yawemo.

— Na ukikubali?

— Picha yangu inatundikwa ukumbini. Wote waliowahi kubeba wamo ukutani, tangu kamera ilipoanza. Wana masharubu kama fagio.

— Na ukikataa?

Suka aliinua kikombe chake kilichokwisha kupoa, akanywa. Mzee Funguo, aliyenyimwa kahawa na kwa hiyo akiwa na nafasi ya kufikiri, alinyoosha mkono dukani akachukua kufuli kubwa la shaba, akalipima kiganjani.

— Sikizeni. Mimi nimefungua milango ya hii Birmingham miaka thelathini na mbili. Nawaambia hii ni kesi ya kufuli. Mfalme alikuja! Alikuja usiku, akakuta geti ya daraja imefungwa, na mwenye funguo amelewa, amelala. Mfalme akagonga, akagonga, akachoka, akaenda kule kwa pai. Sasa wao wakaona aibu. Wakasema ati hakuja. Kila mwaka wanabeba kiti kuficha funguo ilipotea!

— Daraja halina geti, Mzee.

— Walitoa! Ndio ushahidi wenyewe!

Saido alifunga kitufe.

— Papa Funguo, pole, hapana. Hii ni mambo ya sheria. Ku sheria, mtu akikupa ahadi, na weye ukanyamaza miaka thelathini, ahadi inakufa. Ile batu ya Tibberwick haiko bajinga. Kila mwaka banaenda ku daraja mbele ya bashahidi, banasema "amechelewa". Ona neno! Habasemi "hakuja". Banasema "amechelewa". Banazuia ahadi isife! Siku moja bataenda ku mahakama na kiti yao, batasema: malkia huyu wa leo ni mjukuu wa yule mfalme. Aje akule chakula!

— Chakula cha miaka mia tatu kitakuwa kimepoa, alisema Mzee Funguo.

— Batapasha moto, alijibu Saido.

Mwatima alikuwa ametulia mno. Suka alimjua, akitulia vile, jambo zito li njiani.

— Hiyo ngoma inayotangulia kiti, aliuliza. Inapigwa ya aina gani?

— Ngoma ya kawaida. Du, du, du.

— Na maua?

— Maua yapo. Wanakivika taji la maua.

— Na chakula?

— Wanaweka sahani mbele yake. Hakuna anayeigusa.

— Na mtu wa kawaida kukalia?

— Marufuku. Hakuna aliyewahi kukalia. Suka alikohoa. Ila yule bata.

Wote watatu wakamgeukia.

— Bata gani?

Alikuwa na nia ya kuliruka hilo. Lakini kijiweni, neno likishatoka halirudi mdomoni.

— Bata bukini. Mwaka 1911. Wamefika darajani, wanangoja, bukini katoka mtoni, kapita katikati ya watu, karuka, kakaa kitini. Hakuna aliyejua afanye nini. Kama ni tusi, au vipi. Saa saba ikagonga, bukini bado amekaa. Mkuu wa mji kashindwa kusema amechelewa. Mwisho kamati ikaamua asiondolewe mpaka aondoke mwenyewe. Alikaa mpaka alasiri.

— Wakamla?

— Kumla! Alipewa uga wake na kibanda mpaka akafa. Kuna bamba la shaba pale darajani lina jina lake. Moja ya zile baa inaitwa kwa heshima yake.

Mwatima alipiga goti lake kwa kiganja.

— Wallahi nlijua! Ngoma, maua, sahani isiyoguswa, kiti kisichokaliwa. Kwetu Pemba mtoto wa miaka saba angekwambia hapo pana mwenyewe. Kiti kile si kitupu, Suka. Hakijawahi kuwa kitupu! Na huyo bukini, alipokaa, alisema nini?

— Mwatima, bukini atasema nini?

— Walimuuliza?

Saido akasimama kabisa.

— Mais attendez! Ngojeni! Bukini anakuja siku ileile. Saa ileile. Anapita batu yote, haogopi. Anakaa. Banamupa nyumba, banamupa bamba ya shaba, habamukuli ku Noeli, ku inchi ya Waingereza! Mama Spika, ule bukini ndiye mfalme!

— Ati mfalme iko bata? akapaza sauti Mzee Funguo.

— Alikuja! Mu mwaka 1911! Na mkuu wa mji alijua, ndiyo maana alishindwa kusema amechelewa!

— Basi hii miaka tisini na tano, alisema Mzee Funguo, akihesabu kwa kufuli, wanangoja mtu ambaye alishakuja, akakaa, akaenda zake kuogelea?

Walicheka mpaka Rikesh, mfamasia wa duka la jirani, akatokeza kichwa mlangoni kuona nani kaanguka. Mwatima alifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Hata Suka alicheka, kisha akaitazama simu. Kumi na nusu.

Saido alikuwa wa kwanza kuacha. Alikaa. Alifungua kitufe, akakifunga tena.

— Suka, minakuuliza kitu moja, bila mchezo.

— Uliza.

— Babu yangu alibeba kiti. Uvira mpaka Fizi. Tipoye, tulikuwa tunaita. Mzungu juu, batu bane chini, jua, mlima. Bega yake moja ilikuwa chini kuliko ingine mpaka siku tulimuzika. Sasa weye unaniambia bako banatafuta mtu mweusi abebe kiti ya mfalme wao. Minauliza tu. Unaona heshima, ao unaona ile kitu ya zamani?

Basi moja lilisimama kituoni, likashusha watu wawili, likaondoka. Hilo ndilo lililokuwa tumboni mwa Suka tangu asubuhi, tangu aipokee barua kupitia dirisha la usukani, na hakuwa amepata njia ya kulisema.

— Ndilo ninalojiuliza, alisema.

— Wale wenzako watatu ni akina nani? akauliza Mzee Funguo. Sauti yake ilikuwa ya kazini sasa, kama anayeuliza mlango ni wa mbao au chuma.

— Mwenye bucha. Mwalimu mkuu mstaafu. Na mwenye shamba kubwa la kondoo.

— Hao pia wanabeba kwa bega?

— Kwa bega. Wanagombania. Mwenye bucha aliingojea nafasi miaka kumi na tisa, mpaka mjomba wake alipofariki.

— Na huyo kwa juu ni nani?

— Hakuna mtu juu, Mzee.

— Basi babu ya Wakili alibeba mtu. Hawa wanabeba hakuna mtu. Mimi naona tofauti.

Saido alifikiri. Alifungua kitufe cha koti.

— Barua inasemaje? Mwatima alinyoosha mkono. Umetusimulia yote mpaka bata. Barua hujaisoma.

Suka aliitoa. Ilikuwa imekunjwa mara nne, na mikunjo ilikuwa tayari imelegea kwa kufunguliwa siku nzima, kila aliposimamisha basi. Aliisoma akiigeuza Kiswahili palepale, polepole.

— "Bwana Hafidh. Kwa mujibu wa desturi, mbebaji lazima awe mtu wa Tibberwick. Kamati ilibishana saa mbili na dakika arobaini. Wapo waliosema wewe ni mtu wa Birmingham, na wapo waliosema wewe ni mtu wa mbali zaidi. Ndipo mtunza kumbukumbu akaleta hesabu. Kwa miaka tisa umekuja Tibberwick mara elfu nne na kidogo. Mfalme hakuja hata mara moja. Wewe umekuja mara elfu nne, na umechelewa mara mbili, na mara ya pili ulikuwa umesimama kumsubiri dada yangu na fimbo yake. Kamati imekubaliana, kwa kura tisa dhidi ya mbili, kwamba hakuna mtu aliye hai aliyewahi kufika hapa kama wewe."

Aliikunja.

Mwatima alishughulika na kifuniko cha birika ambacho hakikuwa na tatizo lolote.

— Na hao wawili waliopinga? alisema.

— Mmoja ni mwenye bucha. Kaniambia mwenyewe. Anasema hana neno na mie, ila nina urefu mdogo, kiti kitainama upande mmoja.

— Huyo mkweli. Sasa unaogopa nini tena?

Suka alishika kiuno.

— Mgongo. Miaka kumi na saba ya usukani. Mwaka 1934 kuna mbebaji alikiangusha. Hakikuvunjika, kiligusa tu ardhi. Familia yake ilihamia Kanada.

— Kwa hiyo tu?

— Kwa hiyo tu. Kijitabu kinasema "kwa sababu zinazoeleweka". Na mie nikiangusha, Mwatima, si mie nitakayesemwa. Watasema mnaona, tulimpa. Tena nitapita pale kila siku ya Mungu na basi.

— Kiti kilo ngapi?

— Tisini na tatu.

Mzee Funguo akaliweka kufuli chini. Uso wake ulipata mwanga wa mtu aliyesikia kufuli gumu likilia klik.

— Mimi ni tisini na sita, alisema. Jaribu na mimi.

Hakuna aliyelazimika kueleza zaidi. Mzee Funguo alihamia katikati ya benchi, akanyoosha mgongo, akaweka mikono magotini kama anayepigwa picha ya pasipoti. Simu ya Suka ilikuwa pajani kwake. Suka akashika pembe ya mbele kulia, Saido ya mbele kushoto, Mwatima akakaza mtandio akashika ya nyuma.

— Spika, utaumia, alisema Suka.

— Nimebeba madebe ya maji nikiwa na mimba ya miezi minane. Hesabu.

— Moja, mbili, tatu!

Benchi lilinyanyuka pande tatu. Pembe ya nne ilibaki chini, na Mzee Funguo akaanza kuteleza kuielekea, taratibu, akiwa bado ameshika magoti yake kwa heshima.

— Kazeni! alihema Mwatima. Umoja ni nguvu!

— Umoja ya watu watatu kwa pembe nne? alilia Mzee Funguo kutoka juu. Hiyo methali haifai! Spika amekosea! Kikombe kinampita!

— Kinampita! akaitikia Suka.

— Kinamupita kabisa!

Walimshusha kwa kishindo. Mwatima alikubali kosa lake kama kiongozi, kwa kusonya. Birika lilikuwa na kikombe kimoja tu kilichobaki, na sasa bungeni hapakuwa na mtu mwenye haki ya kukinywa.

— Kilio ni kilekile cha Tibberwick, alisema Suka, akijinyoosha kiuno. Anakosekana wa nne.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke amesimama ukingoni mwa barabara. Alikuwa kijana, hijabu ya kijani, mfuko wa vitunguu na mihogo mkono mmoja na karatasi ya anwani mkono wa pili. Alikuwa amewatazama muda, na alikuwa amesikia Kiswahili.

— Samahani, mama, alisema. Hii ndiyo steji ya basi ya kwenda Castle Vale?

— Ndiyo hii. Unatoka wapi, mwanangu?

— Eastleigh, Nairobi. Niko hapa wiki ya pili. Naitwa Sadiyo.

— Sadiyo, karibu sana. Una mgongo mzima?

— Nini?

— Shika hapo pembeni, mamangu, tumnyanyue huyu mzee.

Sadiyo alimtazama Mzee Funguo, aliyekuwa amekwisha kukaa tena, mikono magotini, macho mbele.

— Ni mgonjwa?

— Mzima, alijibu Mzee Funguo mwenyewe.

— Ni kiongozi wenu?

— Anachonga funguo, alisema Suka.

— Sawa. Mnampeleka wapi?

Suka alifungua mdomo. Alimtazama Saido. Saido alifunga kitufe cha koti, akafikiri, akakifungua bila kusema neno. Mwatima, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu afike Birmingham mwaka 1991, alichungulia ndani ya birika. Mzee Funguo naye alionekana kuvutiwa na swali, maana lilimhusu, akawa anangoja jibu pamoja na yule mgeni.

Hawakulipata.

Sadiyo alingoja kiasi cha adabu. Kisha akautua mfuko wake mlangoni pa duka, akaikunja karatasi ya anwani akaitia ndani ya mkono wa gauni, akainama akashika pembe ya nne.

— Mtahesabu mpaka ngapi? aliuliza.

— Tatu, alisema Suka.

Safari hii benchi lilipanda lote kwa pamoja, sawasawa, hadi kiunoni, kisha hadi begani. Mzee Funguo alipaa juu ya barabara ya Ladywood, kilemba chake kikifika usawa wa bendera za madirishani. Walianza kutembea kwa sababu kusimama kulikuwa kuzito zaidi. Rikesh alitoka dukani na koti lake jeupe. Watu wa kituoni wakapiga makofi. Mmoja akauliza Uingereza imemshinda nani. Dereva wa basi la Castle Vale alipunguza mwendo, akamtambua Suka chini ya pembe ya mbele, akapiga honi ndefu, akapita bila kusimama.

— Basi yangu! alisema Sadiyo, benchi likiwa begani kwake.

— Dakika kumi na mbili lingine, alijibu Suka kwa mazoea, bila kugeuka.

Walikuwa wamelipita duka la samaki na chipsi simu ilipolia.

— Suka! Mzee Funguo aliinama kutoka juu. Ni yeye! Ni Tibberwick! Nishike?

— Shika!

Mzee Funguo aliishika kwa vidole viwili, akakohoa, akaongea Kiingereza cha wateja wa benki.

— Hapana, mama, si yeye. Yuko hapa chini yangu. Hawezi kushika simu, mikono yake yote ina kazi.

Akasikiliza. Akafunika simu kwa kiganja.

— Anauliza, jibu ni lipi?

Jasho lilikuwa limeingia machoni mwa Suka. Mgongo ulisema neno lake la kawaida, si zaidi. Mbele kushoto Saido alibeba kwa bega la kulia, na Suka akamwona amelichagua mwenyewe, kisha amelibadilisha, akaweka la kushoto, bila kuamriwa kama babu yake, na Saido akatabasamu. Nyuma alisikia Mwatima akihema, na pembeni yake yule mwanamke wa Eastleigh, wiki mbili nchini, akihesabu hatua kwa Kisomali ili waende pamoja.

— Mwambie nimeshabeba, alisema.

Mzee Funguo aliyapeleka maneno kama yalivyo. Kelele ya furaha ilitoka kwenye simu, wakaisikia wote wanne chini, na nyuma yake yule mbwa wa miguu mifupi akibweka.

— Anashukuru, alitangaza Mzee Funguo. Anasema uvae viatu vyenye kisigino, kwa sababu ya mwenye bucha. Mimi nitatengeneza. Na msinishushe hapa, hapa pana uchafu wa mbwa. Endeleeni mbele.

— Mbele wapi? akauliza Sadiyo.

Wakakata kona.

Waliporudi, Mwatima alikimimina kile kikombe cha mwisho, kilichokuwa kimepoa, akampa Sadiyo, pekee ambaye hakuwa amekosea methali. Wengine walisimama wakimtazama akinywa. Benchi lilikuwa tupu, na kila mmoja alimwonyesha kwa mkono akae.